Mwenye Nyuzi Sita Anagonga Ubao wa Nini?

Tarehe 3 Machi

Mjukuu wangu,

Mwongo wewe, tena mwongo wa hadharani. Mwongo wa nyumbani anasameheka, maana anawadanganya watu wanaomjua. Wewe unapanda juu ya kigoda mbele ya watu wanaokula, gitaa mapajani, unawaambia bibi yako alikuwa anakubembeleza kwa wimbo ule wa kwanza huku machozi yakimtiririka. Mimi? Mimi nilikufunga mgongoni kwa kitambaa nikaendelea kushona magodoro yangu. Ukilia, nilikaza fundo. Machozi gani? Ile ilikuwa sufi inaniingia machoni.

Haya, salamu, nisije nikaonekana sina adabu. Huku tuko wazima. Goti la kushoto limevimba, la kulia linasubiri zamu yake. Kazi ipo, wiki hii nimejaza mito ya nyumba nzima ya wageni, na sindano yangu ndefu imepinda. Mama yako mzima, tena amenawiri, tangu yule fundi saa aanze kuja kukaa hapa mpaka chai inapoa. Ulishaambiwa kwamba wazee wa mtaa walikaa. Walisema baba yako, aliyetoka mlango huu wewe ukitambaa, akisema anakwenda kutafuta kazi na mwezi ujao atakuwa amerudi, sasa ahesabiwe amekufa. Mimi mama yake niliulizwa, nikasema ndiyo mbele ya watu. Unafikiri ndiyo ile ilikuwa nyepesi? Lakini mkwe wangu amekaa kwangu miaka yote hii kama kiatu cha mguu mmoja, si cha kuvaa si cha kutupa. Mwezi wa tisa anaolewa. Nguo ameshaanza kuishona mwenyewe.

Sasa lililonikalisha kitako niandike.

Jirani yetu, yule tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, alikuja na simu yake akaniwekea onyesho lako lote, mwanzo hadi mwisho. Nilisikiliza nikijaza mto. Wimbo wa pili ukasema ni wa kuazima, umejifunza kwa dereva wa lori aliyekuokota njiani huna viatu. Lini umekosa viatu wewe? Wa tatu ukasema ulimtungia msichana aliyekuacha kituoni. Huo naukubali, uso wa kuachwa unao. Kila wimbo na hadithi yake, na hadithi ndefu kuliko wimbo.

Ukafika wa mwisho. Ukasema, "Huu ni wa kwangu." Basi. Ukainamisha kichwa ukapiga. Mtu msemaji akinyamaza ghafla, mimi huacha kazi nikageuka kumtazama.

"Sogea kidogo, nami nipate pakavu." Ndivyo ulivyoimba. Na kila ukifika mstari wa tatu, unaacha nyuzi unagonga ubao.

Huo wimbo umeutoa wapi? Sikwambii mimi najua nini. Jibu kwanza. Na usinipigie simu. Maneno ya simu yanapita kama maji kwenye chujio. Barua nitaisoma mara tatu nione ulipodanganya.

Bibi yako

*

Tarehe 30 Machi

Shikamoo Bibi,

Nimepokea barua yako kutoka kwa kondakta, na nimeisoma nimesimama. Hata ningekuwa na kiti nisingethubutu kukaa. Pole kwa goti. Mimi mzima. Napiga Ijumaa na Jumamosi katika mgahawa huu ulio nyuma ya kituo cha mabasi, siku nyingine nafundisha watoto wa watu kushika gitaa wasilivunje. Nakaa chumba kimoja, dirisha linatazama ukuta wa jirani, lakini ni ukuta uliopakwa rangi vizuri.

Bibi, usikasirikie hadithi. Mwenye mgahawa ndiye aliyetaka. Alisema mpigaji wa peke yake, bila ngoma, bila wenzake, watu wanamsahau kama feni. Akisema kidogo kabla ya wimbo, wanaacha vijiko wanasikiliza. Nikaanza kusema. Za kuazima nazisemea nilivyozipata, za kwangu nazisemea zilivyonijia. Chumvi naitia, sikatai. Lakini ile ya kwako watu wanaipenda sana, bibi mshona magodoro ya sufi anayebana sindano kwenye meno. Kuna wanaoniomba niirudie.

Ule wa mwisho ulikuja wenyewe tu. Nilikuwa nachezea nyuzi, vidole vikaenda. Kugonga ubao ni mtindo, Bibi, wapigaji wengi siku hizi wanagonga.

Hivi harusi ni lazima mwezi wa tisa? Mama ana haraka ya nini? Fundi saa mwenyewe si kijana, anaweza kungoja. Wazee nao walifikaje kusema mtu amekufa bila kuona kaburi? Nauliza tu. Msalimie Mama, lakini usimwambie nimeuliza.

Mjukuu wako

*

Tarehe 12 Aprili

Wewe,

Nimeisoma mara tatu kama nilivyokuahidi. Mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili nikaacha kucheka. Mara ya tatu nikafunga mlango.

Tuko wazima. Mama yako alipata mafua yakapita. Redio kagombana na muuza mkaa na sasa mtaa wote unajua habari za ndani za muuza mkaa. Basi, salamu zimekwisha.

"Mtindo." Nilimwita Redio arudi na simu, nikamwambia aikuze picha. Akaikuza mpaka nikaona kucha zako, na uzikate. Gitaa lako lina nyuzi sita. Nimezihesabu kwa kidole kwenye kioo, zote zimo, zimekazwa.

Sasa mimi nikwambie. Baba yako alikuwa na gitaa, na kile kishikio cha kukazia uzi mnene kilivunjika wewe uko tumboni. Cha kuweka badala yake hakikupatikana. Basi akawa anapiga na nyuzi tano, na pale uzi ule unapotakiwa kulia, anagonga ubao kwa kifundo cha dole gumba. Wimbo ule wa "sogea kidogo" aliutungia ndani ya nyumba hii na gitaa lile bovu. Hakuupiga nje. Aliona haya kutoka na gitaa pungufu. Alipoondoka, aliondoka nalo, na wimbo ukaondoka naye. Mimi siimbi. Mama yako hajaimba kitu tangu siku hiyo. Wewe ulikuwa huna hata meno ya kung'atia.

Mwenye nyuzi tano anagonga ubao kwa sababu hana la kufanya. Mwenye nyuzi sita anagonga ubao wa nini? Mtu mwenye miguu miwili mizima ukimwona anachechemea, jua kuna kilema amekaa naye akajifunza kutembea kwake.

Umemwona. Umekaa naye karibu, tena si siku moja.

Halafu unaniuliza harusi ya nini mapema, na kaburi liko wapi. Mjinga hata kuficha hujui. Unajua mama yako akiolewa huku mume wake yu hai, mtaa huu utamwita nani? Si wewe watakayemtemea mate, ni yeye. Na fundi wa watu, mtu mpole, atawekwa vinywani mwa kina Redio mpaka afunge kibanda chake.

Yu hai? Neno moja linatosha. Ndiyo au hapana.

Bibi

*

Tarehe 25 Mei

Wewe usiyejibu,

Kondakta anasema barua alikupa mkononi, na wewe ukaiweka mfuko wa nyuma ukasema "asante kaka". Kwa hiyo barua haikupotea, umeikalia.

Mtandio uliomtumia mama yako umefika. Mzuri. Mtu anayetuma mtandio badala ya maneno, sisi wazee tunamjua. Anafunika kitu.

Nikupe habari. Nilimwambia Redio aufute wimbo ule. Akaapa ameufuta. Jana mama yako anatoka kisimani, Redio kakaa kibarazani kwake anausikiliza kwa sauti yote. Mama yako aliingia ndani, akachukua sufuria lililokuwa safi, akaliosha. Akalisuuza. Akaliosha tena. Nikamwambia, "Mwanangu, hilo litatoboka." Akasema, "Mama, nani anaimba vile?" Nikasema, "Mwanao." Akasema, "Sauti ya mwanangu naijua. Nauliza nani anaimba vile."

Nikamdanganya. Mimi, mwenye kukuita wewe mwongo, nilisema vijana wa leo wanaigana. Umeona ulikonifikisha?

Nguo yake imesimama kwenye cherehani, mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado. Fundi saa juzi kaniuliza kama amekosea kitu.

Andika.

*

Tarehe 14 Juni

Shikamoo Bibi,

Nisamehe. Nimeanza barua hii mara nyingi. Habari za huku ni nzuri, mgahawa umepakwa rangi. Nitaanzia kwenye viti.

Mwaka jana viti vya mgahawa vilipelekwa kwa seremala, na aliyekuja kuvirudisha ni mtu mzima mmoja, kazi yake pale ni kupiga msasa. Mikono yake imekuwa laini kwa vumbi la mbao mpaka haina alama. Ilikuwa Ijumaa, nilikuwa nimeshaanza. Alishusha kiti cha mwisho akataka kwenda. Mimi nikawa nasimulia ile hadithi ya bibi mshona magodoro, sindano kwenye meno, na anavyosema "nikikushika" kabla hajamshika mtu. Yule mtu akakaa kwenye kile kiti alichokileta. Hakuagiza kitu. Alikaa mpaka mhudumu akaanza kupangusa meza.

Nilipomaliza akaja akaniuliza, "Huyo bibi yako bado anashona?" Nikasema ndiyo. Akaniomba gitaa. Akapiga wimbo ule, pale pale, kwa sauti ya chini. Bibi, mimi nimefundishwa na watu wazuri, lakini sikuwahi kuona dole gumba likienda ubaoni kama linakwenda nyumbani. Niliupenda wote, na ubao wake. Sikujua ubao ulikuwa pengo. Nilidhani ni wimbo.

Tangu siku hiyo anakuja chumbani kwangu Alhamisi. Ananifundisha. Sikukujibu "ndiyo" wala "hapana" kwa sababu aliniapisha kabla hajaniambia jina lake, na mimi nikaapa nikidhani ni jambo dogo.

Nikuulize kitu. Mtu kama huyo akirudi baada ya miaka yote, wewe ungempa kiti au ungempa mgongo?

Mjukuu wako

*

Tarehe 22 Juni

Mjukuu wangu,

Goti bado. Mama yako anafanya kazi zake kimya kimya, na kimya chake sikipendi. Hatujambo.

Umeuliza kiti au mgongo. Mimi sijibu swali la mtu asiye na jina. Unaleta "mtu mzima mmoja", "mtu kama huyo". Huyo ni nani? Mpiga msasa. Wapiga msasa ni wengi. Jiji hilo limejaa watu wanaotafuta mahali pa kuegemea. Wewe umekaa jukwaani miezi mingapi ukitangaza bibi yako, sindano yake, meno yake, sufi yake? Umelitandaza boma letu kama mkeka, kila mpita njia anajua wapi tunalala. Mtu akiamua kuingia anakosa nini? Siku hizi watu wanaazima nyimbo. Watashindwa kuazima baba?

Utasema, na wimbo je? Wimbo unasafiri. Pengine mwanangu alikufa kwenye kitanda cha hospitali, na wa kitanda cha pili akabaki na wimbo. Nimeyafikiria yote. Mimi na goti langu hatuna kingine cha kufanya.

Kwa hiyo nisikilize. Wewe kila wimbo unausemea hadithi, sasa mwambie huyo mpiga msasa ausemee huu. Mwizi wa wimbo anajua maneno. Mwenye wimbo anajua ulizaliwa wapi. Mwambie aseme siku ile palikuwa na nini, nani na nani walikuwepo, na nani aliaibika. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Wewe usimsaidie hata kwa jicho. Unaandika anachosema, kama anavyosema, hata kama ni upuuzi.

Jibu hilo wewe hulijui, na usimuulize mama yako, maana tuliapizana tusilitoe nje, na mimi ndiye niliyewaapisha.

Bibi

*

Tarehe 19 Julai

Bibi,

Shikamoo. Nilimuuliza Alhamisi iliyofuata. Aliweka gitaa chini. Nikadhani amekasirika. Kumbe alikuwa anacheka, mabega yanatikisika, na hakuna sauti. Naandika alivyosema.

"Watu wakiusikia wanadhani ni wimbo wa mapenzi, wawili wanagombania mwamvuli. Haukuwa hivyo. Paa lilikuwa linavuja. Mama alikuwa amepokea sufi ya magodoro mengi kwa mpigo, imerundikwa chumba kizima, na mvua ikaanza asubuhi. Tukawa watu watatu, mimi, mke wangu na tumbo lake, na Mama. Tone likianguka hapa, tunahamisha sufi kule. Tunafika kule, na kule kunavuja. Tukatega kila chombo, sufuria, ndoo, beseni. Mke wangu akachoka, akalala juu ya rundo la sufi katikati ya chumba, mahali pekee pakavu. Nikamwambia sogea kidogo nami nipate pakavu. Akasema pakavu pa watu wawili pameshajaa, yeye na mtoto. Mama akageuka kutuambia tuache upuuzi, akarudi nyuma hatua moja, akakaa ndani ya beseni. Lilikuwa limejaa. Akakwama. Tulimvuta mikono, huyu huku na mimi huku, naye anatutukana, na anatuapisha tusiseme kwa mtu. Tulipomtoa, nikachukua gitaa."

Bibi, ni kweli? Beseni?

Kama ni kweli, basi umeshajua, na mimi sikusema, umesema wewe mwenyewe kwa swali lako. Lakini nikuombe. Ana nyumba hapa. Ana mke na watoto wawili wa kike, na hao nao hawajui kitu. Ameniambia, "Kama mama alikubali mbele ya wazee kwamba nimekufa, mwambie akubali tu hivyo hivyo. Ni bora kwa wote." Amesema ukimwita atahama, na mimi sitamwona tena.

Ndiyo maana nilitaka harusi icheleweshwe, halafu nikatamani iharakishwe, halafu nikanyamaza kabisa. Mimi sikuwahi kuwa na baba. Watoto shuleni walikuwa wanaulizwa habari za baba zao, nami naangalia dirishani. Sasa ninaye kila Alhamisi. Ananishika kidole anakipeleka kwenye uzi. Usinichukulie hicho. Mama ataolewa, atakuwa na furaha yake, hatajua. Nani ataumia?

Mahali anapofanya kazi sikutajii.

Mjukuu wako

*

Tarehe 27 Julai

Mjukuu wangu,

Nilipofika kwenye beseni niliikunja barua nikatoka nje. Nilikaa huko mpaka Redio akaja kuniuliza kama kuna mgeni anakuja, maana nimetazama barabara muda mrefu. Nikamwambia natazama mbuzi. Mbuzi hatuna.

Haya. Sasa mimi ndiye nitakayesema.

Unauliza nani ataumia. Unamjua mama yako? Nilimwita nikamwambia. Sikumpunguzia. Nilidhani ataanguka, nikawa nimeshaweka kiti karibu. Alisimama akasema, "Nilijua tangu siku ile ya sufuria." Siku zote hizo alijua, na alikuwa anangoja mmoja wetu awe na ujasiri wa kumwambia, mimi au wewe. Wote wawili tulikuwa tunamhifadhi kama yai, na yeye anatutazama tunavyohangaika.

Nikamuuliza, "Unamtaka?" Akacheka, mjukuu wangu, kicheko ambacho sikukipenda. Akasema, "Mama, simtaki. Aishi na mkewe, na watoto wake nisiwasikie wakilia. Lakini mimi siingii nyumba ya mtu nikiwa mke wa mtu mwingine. Nimekuwa mjane wa mtu aliye hai, sitakuwa mwizi wa ndoa yangu mwenyewe." Halafu akaenda akatoa ile nguo kwenye cherehani akaikunja.

Fundi saa alikuja jioni. Mama yako akamwambia mwenyewe, pale mlangoni, na mimi nasikia. Alitazama barabara. Nikadhani anatafuta njia ya kuondoka. Akasema, "Mimi kazi yangu watu huniletea kitu kilichosimama, nangoja mpaka nijue kimekwama wapi. Sasa tumejua." Akanywa chai yake iliyopoa, akaenda. Mtu kama huyo ndiye ulitaka adanganywe.

Na wewe sikiliza, maana hapa sikukaripii. Nimesoma ulivyosema juu ya dirisha la shule. Sikujua. Ungeniambia ningekuja shuleni na sindano yangu. Lakini baba anayekupenda kwa sharti la kunyamaza, huyo hujampata, umemwazima. Siku atakayotaka kujichukua, atajichukua. Tayari ameshakutishia. Mzazi hamwambii mtoto "nitahama". Mtoto ndiye humwambia mzazi. Mwache apimwe. Akibaki baada ya hili, atakuwa wako, Alhamisi na siku nyingine. Akikimbia, bora ujue sasa ungali na nguvu.

Mwambie hivi kutoka kwangu. Ndiyo niliyoisema mbele ya wazee naifuta. Nimeshakwenda kuifuta. Walikaa tena jana, nikasimama na goti langu nikasema mwanangu hajafa, ni mwoga tu, na woga si kifo. Kwa hiyo hana pa kujificha tena, kaburi nimelifukia.

Mke wake wa huko sitamgusa wala kumtumia neno. Hana kosa na simjui. Hilo atalisafisha yeye, na akitaka ushauri anajua nakaa wapi.

Kinachotakiwa ni kidogo. Aje amwache mama yako huru kwa kinywa chake, mbele ya wale wale walioambiwa amekufa. Ataje jina lake, aseme hana dai naye tena, aondoe mkono. Si kwa barua, si kwa simu, si kupitia kwako. Alitoka kwa mlango wa mbele mchana watu wakiona, aingie kwa mlango huo huo mchana watu wakiona. Redio nimeshamwambia, kwa hiyo watu watakuwepo.

Mtakuja Jumamosi ya tarehe kumi na sita Agosti, kwa basi la asubuhi. Mgahawa waambie bibi yako anaumwa, huo ni uongo mdogo na goti litaushuhudia. Gitaa liache huko, hamji kucheza. Na tangu leo, ukiupiga ule wimbo, usiseme tena ni wa kwako. Sema ni wa kuazima, na useme umeazima kwa nani. La beseni ukilitaja jukwaani, nakufuata huko huko.

Akishamaliza kusema, wazee watakwenda zao. Mama yako atakwenda kwa fundi wake. Wewe utatoka nje, utafunga mlango, utamfukuza Redio dirishani. Baba yako atabaki na mimi. Tutakayosema humo si yako, na sitakuandikia. Kiti nitakuwa nimeweka. Mimi sitasimama kumpokea, mwambie kabisa, asije akafikiri vingine. Ni goti.

Mfuate kwake alfajiri, usimngoje kituoni. Muoneshe barua hii asome mwenyewe, mwandiko wangu anaujua. Kwenye basi mkae kiti kimoja, yeye dirishani, wewe upande wa njia, na mkisimama mahali watu washuke kunywa maji, nyinyi msishuke. Ukishikwa na usingizi, lala mguu wako uwe juu ya wake.

Bibi yako